Usingoje macho yawe ya manjano: maswali yenu kuhusu dawa na ini

Barua za mwezi huu kutoka Kigoma zimekuja na swali moja lenye sura nyingi: dawa niliyopewa kunitibu inaweza kuniharibu ini? Inaweza. Sehemu kubwa ya dawa tunazomeza hupitia kwenye ini, na ini ndilo huzivunja ili mabaki yatoke kwa mkojo au choo. Katika kuzivunja, nyingine hugeuka sumu kwa kitambo kidogo. Ini la watu wengi humudu kazi hiyo bila mwenyewe kujua. Linapoanza kushindwa, watu husubiri macho yawe ya manjano ndipo washtuke, kumbe rangi hiyo huchelewa. Kinachotangulia ni vitu vya kawaida mno: hamu ya kula inakatika, kichefuchefu, mwili kuchoka bila kazi, uzito au maumivu chini ya mbavu za kulia, mwasho usio na upele. Ukiwa unatumia dawa na haya yakakuanza, hapo ndipo pa kwenda kupima.

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mvuvi wa dagaa, nipo kwenye kipe. Siku za giza tunakesha ziwani kila usiku, mgongo na mabega vinaniuma sana. Nameza panadol mbili mbili, mara nne usiku na mara mbili mchana. Wiki hii nimeshikwa na mafua, nikaongeza kidonge cha mafua asubuhi na jioni. Kwenye pakiti yake wameandika parasetamoli mg 500. Tangu juzi sili, natapika. Nimepima malaria, hamna. Ni uchovu tu?
Mvuvi, Kibirizi

JIBU: Ndugu yetu, hatudhani ni uchovu tu. Acha panadol na hicho cha mafua sasa hivi, uende hospitali leo, pakiti zote zikiwa mfukoni.

Tuhesabu pamoja. Panadol mbili mara sita ni vidonge 12, kila kimoja mg 500, jumla mg 6,000. Vidonge 2 vya mafua vinaongeza mg 1,000. Umekuwa ukimeza mg 7,000 za parasetamoli kwa siku. Mtu mzima mwenye afya na uzito wa zaidi ya kilo 50 hapaswi kuvuka mg 4,000 ndani ya saa 24, yaani vidonge 8: viwili kwa mara moja, na kati ya dozi na dozi zipite saa 4 kwa uchache, bora 6. Mwembamba wa chini ya kilo 50, mnywaji wa pombe wa kila siku, mtu aliyekaa siku kadhaa bila kula vizuri au mwenye ugonjwa wa ini, huyo asivuke vidonge 4 hadi 6, na ni vema kwanza amuulize mtaalamu.

Sababu ni hii. Sehemu kubwa ya parasetamoli hutoka mwilini kwa njia salama. Kiasi kidogo hugeuzwa na ini kuwa sumu kali, na ini huizima sumu hiyo papo hapo kwa kutumia akiba yake ya kikemikali iitwayo glutathaioni. Ukimeza kupita kiasi, sumu inazidi na akiba inakwisha. Ukiwa huli, akiba haijazwi. Mtu anayekesha juu ya maji kwa kikombe cha chai na andazi, siku baada ya siku, anaingia hatarini mapema kuliko aliyeshiba.

Hospitali watakupima vimeng'enya vya ini, yaani ALT na AST, pamoja na bilirubini (rangi ya manjano ya nyongo), figo, sukari na kasi ya damu kuganda, INR. Dawa inayorudisha akiba ya ini ni asetilisisteini. Kwa njia ya dripu hutolewa mg 150 kwa kila kilo ya uzito ndani ya saa 1, kisha mg 50 kwa kilo ndani ya saa 4, kisha mg 100 kwa kilo ndani ya saa 16. Mwenye kilo 60 atapata gramu 9, halafu 3, halafu 6, jumla ya saa 21. Aliyemeza nyingi kwa mkupuo mmoja hunufaika zaidi akiipata kabla ya saa 8 kupita, lakini hata aliyechelewa hupewa. Kwa hiyo anayetoka mbali apige simu hospitali kabla ya kuondoka ili dawa iandaliwe.

Hapa panahitaji kuelezwa vizuri, maana ndipo watu wengi hupotelea. Aliyemeza parasetamoli kupita kiasi kwa mkupuo, siku ya kwanza hutapika kidogo au haumwi kabisa. Siku ya pili anaweza kujisikia nafuu, hata akasema yuko tayari kurudi kazini. Wakati huohuo ini linaendelea kufa, na hali mbaya hasa hufika siku ya tatu na ya nne. Nafuu ya siku ya pili isimrudishe mtu nyumbani. Wala msimnyweshe maziwa au mawese, wala msimtapishe kwa kidole. Hayo hayaondoi sumu iliyokwisha kuingia kwenye damu, na yanaweza kumpalia. Kama amemeza kwa makusudi kwa sababu ya majonzi, apelekwe vilevile upesi, asiachwe peke yake, na asikaripiwe. Idadi ya vidonge msibishane nayo nyumbani, itajulikana hukohuko.

Maumivu ya mgongo utayatibu baadaye. Kwa sasa usibadilishe panadol kwa diklofenaki wala ibuprofeni, kwa kuwa ini likiumia figo nazo huwa dhaifu, na hizo huzibana zaidi.

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu ana mwaka mmoja, kilo 10. Ana homa siku ya tatu. Nilipewa dawa ya mseto ya malaria na chupa ya dawa ya homa iliyoandikwa mg 120 kwa ml 5. Kila nikiona amechemka nampa vijiko viwili vya chai, kama mara sita kwa siku. Leo amelala sana na hataki nyonyo. Niongeze?
Mama, Kasulu

JIBU: Marahaba mama. Usiongeze hata tone. Mpeleke mtoto hospitali sasa, na chupa uibebe.

Vijiko viwili ni ml 10, na ml 10 ya dawa hiyo ni mg 240. Mara sita ni mg 1,440 kwa siku. Ukigawa kwa kilo 10, amepata mg 144 kwa kila kilo, wakati mwisho wake ni 60. Siku tatu za namna hiyo zinatosha kuliumiza ini la mtoto. Kulala kupita kawaida na kukataa nyonyo kunaweza kuwa malaria kali, kunaweza kuwa sukari imeshuka, kunaweza kuwa ini. Yote matatu ni ya haraka, na mhudumu akimwona mtoto aanze na sukari, kipimo cha tone moja la damu. Njiani endelea kumnyonyesha kama anameza.

Dozi sahihi ya mtoto wa kilo 10 ni mg 150, karibu ml 6 za dawa yenye nguvu hiyo, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, ambalo ni bei ndogo dukani. Kijiko cha nyumbani hakiaminiki: kimoja hubeba ml 3, kingine ml 7. Tena zipo dawa za matone za watoto wachanga zenye mg 100 ndani ya ml 1 tu. Mzazi akimimina ml 6 za hiyo kwa mazoea ya chupa kubwa, amempa mtoto mg 600 kwa mara moja. Soma namba mbili, mg na ml, kila unapofungua chupa mpya. Aspirini usimpe mtoto mwenye homa hata ukiambiwa inashusha haraka. Kwa watoto inaweza kuamsha ugonjwa unaoshambulia ini na ubongo kwa pamoja.

Dozi ya mseto usiikatishe kwa kuogopa ini. Tatizo tunaloliona hapa ni kipimo cha dawa ya homa.

SWALI: Nina wiki ya nne kwenye dawa za kifua kikuu. Tangu siku ya kwanza mkojo umekuwa mwekundu-mwekundu, majirani wanasema ini limeungua. Nesi aliniambia ni kawaida. Lakini wiki hii nikisikia tu harufu ya migebuka inakaangwa nataka kutapika, na mkojo naona umezidi kuwa mweusi. Kliniki yangu ni baada ya siku tisa. Nisubiri?
Msomaji, Manyovu

JIBU: Usisubiri. Nesi alikwambia kweli, na wewe umeona kweli, maana hayo ni mambo mawili tofauti.

Rifampisini, mojawapo ya dawa nne zilizo ndani ya kidonge chako, ina rangi yake. Hupaka mkojo, jasho na hata machozi rangi ya chungwa. Huanza siku ileile ya kwanza, hukolea saa chache baada ya kumeza na hupungua kadiri siku inavyokwenda. Mwenye hali hiyo anakula vizuri na weupe wa macho yake unabaki mweupe. Mkojo wa ini linaloumia ni mwingine: ni wa kahawia, kama chai ya rangi iliyokaa jikoni, na unabaki hivyo asubuhi hadi jioni. Mara nyingi unafuatana na kukosa hamu ya kula, mwasho, na pengine choo cheupe kama udongo wa mfinyanzi. Simama nje kwenye mwanga wa jua, umwombe mtu avute chini kope yako ya chini huku ukitazama juu. Taa ya ndani haifai kwa hili. Huficha manjano ya mwanzo.

Kidonge cha leo usikimeze. Chukua kadi yako na vidonge vilivyobaki, uende leo kwenye kituo kilichokuanzishia. Huko kuacha ni kwa muda, mikononi mwa wahudumu. Ukiacha kimyakimya nyumbani, kifua kikuu kinarudi, na kinaweza kurudi kikiwa sugu.

Watakachofanya kinategemea namba. Kiwango cha juu cha kawaida cha ALT katika maabara nyingi ni karibu 40. Mgonjwa mwenye dalili kama zako, ALT ikifika mara 3 ya kiwango hicho, yaani 120, dawa husimamishwa. Asiye na dalili yoyote, husimamishwa ikifika mara 5, yaani 200. Macho yakishakuwa ya manjano, husimamishwa bila kungoja hesabu. ALT ikiwa ya kawaida, basi ni tumbo tu: utameza dawa pamoja na chakula chepesi au wakati wa kulala, na utaendelea. Usiridhike kuambiwa "ni gesi" kabla damu haijapimwa.

Kati ya zile nne, pirazinamidi ndiyo kali zaidi kwa ini, ikifuatiwa na isoniazidi, kisha rifampisini. Ethambutoli haina shida na ini. Kwa hiyo baada ya ALT kushuka chini ya mara 2 ya kawaida na wewe kupata nafuu, dawa hurudishwa moja moja: rifampisini pamoja na ethambutoli kwanza, baada ya siku 3 hadi 7 damu ipimwe, ndipo iongezwe isoniazidi, ipimwe tena. Aliyekuwa ameumia sana mara nyingi harudishiwi pirazinamidi kabisa, na matibabu yake huongezwa kutoka miezi 6 hadi 9. Mgonjwa aliye hoi kwa kifua kikuu hawezi kuachwa hivihivi wakati huo. Hupewa dawa nyingine zisizoligusa sana ini, ili vijidudu visipumzike.

Waombe wakupime pia homa ya ini aina ya B na C, pamoja na virusi vya UKIMWI kama hujapima. Mtu mwenye homa ya ini B huumizwa na dawa hizi kwa urahisi zaidi, na virusi vyenyewe vinaweza kuwa ndivyo vinavyokutapisha. Pombe yoyote, iwe lubisi au gongo, iache hadi dozi iishe.

SWALI: Mimi ni mzee wa miaka 71, natumia dawa ya presha. Kijana mmoja hapa Ujiji anauza dawa ya mizizi kwenye chupa ya lita moja, anasema inasafisha ini na kuondoa sumu za dawa za hospitali. Nimekunywa wiki tatu, nusu kikombe kutwa mara mbili. Sasa mwili unawasha usiku kucha.
Mzee, Ujiji

JIBU: Shikamoo mzee wetu. Tunakuomba uiweke chini hiyo chupa leo, lakini usiimwage. Ifunge, uende nayo hospitali pamoja na dawa zako za presha, umweleze daktari umekunywa kiasi gani na tangu lini, kama ulivyotueleza sisi. Wazee wengi huficha mitishamba wakihofia kufokewa, na daktari anabaki anatafuta kosa kwenye dawa ya presha.

Hakuna dawa inayosafisha ini, ya mizizi wala ya famasi. Ini halikusanyi uchafu ukahitaji kusuguliwa. Lenyewe ndilo linalosafisha, na ukiliondolea kinacholiumiza hujiponya kwa namna ambayo viungo vingi haviwezi. Hatusemi kila mtishamba ni sumu. Tunasema mti nao una kemikali, na ini huzivunja kwa njia zilezile linazovunjia vidonge. Mimea ya jamii za Senecio na Heliotropium, kwa mfano, ina sumu inayoziba vishipa vidogo vya damu ndani ya ini, na mnywaji huanza kuona tumbo linajaa maji. Katika chupa isiyo na maandishi hakuna anayejua mzizi gani umeingia, kwa kiasi gani, na kama muuzaji ameongeza vidonge vilivyosagwa ili mtu apate nafuu ya haraka.

Mwasho wa mwili mzima usio na upele, unaozidi usiku, hasa viganjani na nyayoni, ni dalili ya nyongo kukwama. Upimwe ALP, kimeng'enya kinachopanda nyongo ikikwama, na bilirubini, siyo ALT peke yake. Dawa ya presha usiiache mwenyewe; kama nayo inashukiwa, daktari atakubadilishia siku hiyohiyo.

SWALI: Niko kwenye dawa za kufubaza VVU na nimekutwa na homa ya ini B. Rafiki ameniambia dawa hizo zitamaliza ini langu, niache kwanza nipumzike miezi miwili. Ni sahihi?
Dada, Kibondo

JIBU: Hapana dada, na ushauri huo unaweza kukuua. Kidonge kimoja kinachotumiwa na watu wengi sasa kina tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Hizo mbili za mwanzo ndizo zinazokandamiza pia homa ya ini B. Ukiziacha ghafla, virusi vya B huamka kwa nguvu na kulishambulia ini ndani ya wiki chache. Sifa mbaya unayoisikia ilitokana zaidi na nevirapini iliyotumika sana zamani, ambayo kweli iliumiza maini ya baadhi ya watu, hasa katika wiki 18 za mwanzo. Meza dawa yako, na siku ya kliniki uombe ALT ipimwe.

SWALI: Mtoto wangu wa miaka 9 ana mapunye kichwani, nami nina fangasi miguuni. Dukani nimepewa vidonge vya ketokonazoli, sote wawili tumeze mwezi mzima. Ni salama?
Baba, Uvinza

JIBU: Virudishe. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Umoja wa Ulaya ilipendekeza vidonge vya ketokonazoli viondolewe sokoni kwa sababu ya ini, na Marekani mwaka huohuo ikazuia visitumike kwa fangasi wa ngozi na kucha. Krimu na shampuu yake hazina tatizo hilo, maana haziingii kwenye damu kwa kiasi cha maana. Fangasi wa vidole vya miguu hutibika kwa krimu, kupaka mara mbili kwa siku na kuendelea wiki mbili baada ya ngozi kupona, huku miguu ikikaushwa vizuri. Mapunye ya mtoto hayatoki kwa krimu peke yake. Huhitaji kidonge, kwa kawaida griseofulvini, kwa kipimo cha uzito wake na baada ya kuonwa na tabibu. Nayo pia huvunjwa na ini, kwa hiyo mtoto akianza kutapika au kukataa chakula arudishwe.

SWALI: Mimi ni tabibu wa kituo cha afya pembezoni mwa mkoa. Majibu ya vipimo vya ini tunapata, ila baada ya hapo naamua kwa kubahatisha. Nani nimwangalie hapa na nani nimpe rufaa? Na nitajuaje ni dawa gani?
Tabibu, Kakonko

JIBU: Swali zuri, tabibu, na hatutalijibu kwa ufupi.

Anza na karatasi, siyo na damu. Orodhesha kila alichomeza, kupaka au kuchomwa kwa miezi 3 iliyopita, na mbele ya kila kimoja andika tarehe ya kuanza na ya kuacha. Hapo utakutana na zile bahasha ndogo zenye maandishi "2×3" bila jina la dawa, kwa sababu vidonge vilikatwa kwa mkasi na jina likabaki dukani. Waombe wenye maduka ya dawa muhimu ya eneo lako waandike jina na miligramu juu ya kila bahasha. Kazi hiyo ya nusu dakika itakuokolea mgonjwa.

Tarehe zitakuongoza. Parasetamoli huumiza ndani ya siku. Isoniazidi na pirazinamidi huchukua wiki kadhaa hadi miezi miwili mitatu. Fenitoini na kabamazepini za kifafa, pamoja na kotrimoksazoli, mara nyingi hujitokeza kati ya wiki 2 na 8, zikija na homa, upele, uso kuvimba na mitoki. Ukiona mkusanyiko huo, dawa husimama siku hiyohiyo na mgonjwa asipewe tena maishani. Wa kifafa apewe mbadala papo hapo, asiachwe wazi akaanguka motoni. Methildopa, dawa ya presha ya mama mjamzito, nayo imo, kwa wiki hadi miezi. Inayowadanganya wengi ni amoksilini yenye klavulaneti: mgonjwa alimaliza dozi, akapona kikohozi, na manjano yanakuja wiki 3 au hata 6 baadaye, wakati hakuna anayeikumbuka tena.

Halafu chukua namba. Gawa ALT kwa kiwango cha juu cha kawaida cha maabara yako, ugawe ALP kwa kiwango chake, kisha gawa jibu la kwanza kwa la pili. Mfano: ALT 620 kwa 40 ni 15.5. ALP 180 kwa 120 ni 1.5. 15.5 kwa 1.5 ni 10.3. Jibu likiwa 5 au zaidi, chembe za ini zenyewe ndizo zinazokufa. Likiwa 2 au chini yake, tatizo ni nyongo kukwama. Katikati ni mchanganyiko. Aina ya kwanza ndiyo ya kuogopa. ALT ikizidi mara 3 na bilirubini ikazidi mara 2 ya kawaida bila ALP kupanda sana, karibu mgonjwa 1 kati ya 10 hufa au huhitaji kupandikizwa ini. Kanuni hiyo ilitokana na kazi ya daktari wa Marekani, Hyman Zimmerman. Huyo usimlaze kwako. Mpe rufaa kwenda hospitali ya mkoa, Maweni, hata kama anatembea na kuongea.

Wa kuondoka usiku huohuo ni yule ambaye INR imefika 1.5, au fahamu zimeanza kubadilika. Mabadiliko ya mwanzo ni madogo: analala mchana na kukesha usiku, anakasirika bila sababu. Mwambie anyooshe mikono mbele, viganja vikiwa vimeinuliwa kama anayesukuma mlango, kwa nusu dakika. Vikipigapiga kama mbawa, ubongo umeguswa. Mpe kalamu aandike jina lake kila asubuhi kwenye faili lake. Mwandiko wa leo ukiharibika kuliko wa jana, usingoje wa kesho. Safarini pima sukari kila saa 2, weka dripu yenye glukozi, na usimpe diazepamu wala dawa yoyote ya usingizi kwa kuwa anahangaika.

Kabla ya kuilaumu dawa, ondoa mengine. Malaria na selimundu hufanya macho ya manjano kwa kuvunja damu: ALT inakuwa karibu na kawaida, choo hakiwi cheupe, lakini damu imepungua. Pima malaria, damu, homa ya ini B na C, na uliza kuhusu pombe kwa upole.

Aliye salama kubaki kwako, asimamishiwe dawa inayoshukiwa, apimwe tena baada ya siku 3, halafu kila wiki hadi namba zirudi. Dawa ikiwa ndiyo chanzo, katika aina ile ya kwanza ALT hushuka kwa nusu au zaidi ndani ya siku 8 hivi. Nyongo iliyokwama huchukua wiki nyingi. Ale kawaida, ugali, dagaa, maharage na matunda. Kumkataza mafuta na nyama zote, kama inavyozoeleka, kunamdhoofisha tu. Vitamini na glukozi za kopo hazimponyeshi.

Mwishoni, andika kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la daftari lake jina la dawa, tarehe, na maneno "isitolewe tena", na mwambie aipige picha kwa simu kama anayo. Jaza pia fomu ya madhara ya dawa ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, hata kama huna uhakika wa asilimia mia. Fomu inapokea shaka, na shaka tano za dawa moja kutoka vituo vitano ndizo zinazowafanya waifuatilie.